Picha chafu za watoto: Sheria ipo, tiba ipo, na kinga huanzia nyumbani



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia kichocho, kipindupindu, usafi wa vyoo na maji ya ziwa. Leo naomba tuzungumzie uchafu mwingine. Huu hauna harufu, hautoki kwa sabuni, na umeingia majumbani mwetu kupitia simu tunazozichaji usiku pembeni ya kitanda. Nao ni picha na video za watoto wanaofanyiwa uchafu wa ngono.

Najua wapo watakaosema hii si mada ya kuwekwa katika gazeti linalosomwa mbele ya watoto na wakwe. Nami nilidhani hivyo, mpaka kazi yangu ya utabibu iliponifundisha vinginevyo. Nitaeleza visa viwili, bila kutaja jina wala mtaa, ili mpate kuelewa kwa nini naandika.

Kisa cha kwanza. Mama mmoja muuza dagaa alimleta binti yake wa miaka 13 katika zahanati niliyokuwa nikifanya kazi kando ya ziwa. Binti alilalamika tumbo, hakuwa akilala usiku na alikuwa ameacha kwenda madrasa. Tukapima malaria, tukapima kichocho, tukapima mkojo, hatukuona kitu. Siku ya tatu, muuguzi wa kike alipokaa naye peke yake, ndipo aliposema. Ndugu wa karibu wa familia alimtisha na kumpiga picha akiwa uchi, na picha zile zilikuwa zimeshafika kwa vijana wa mtaani. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakapanga faini, na wakaniita mimi, "mtoto wetu uliyesoma dini", niwasaidie mambo yaishe kimya kimya. Nilikataa, na baadhi yao hawaniitikii salamu mpaka leo. Faini ingeliwa na ukoo, na binti angebaki na picha zake zikizunguka. Mama yule, Allah amlipe kheri, alifunga khanga yake na kwenda mwenyewe Dawati la Jinsia na Watoto.

Kisa cha pili ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kijana wa miaka ishirini na kitu alinifuata jioni nikiwa nafunga chumba. "Assalaam alaykum ustadhi," akasema, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kama ipo dawa ya kumfanya mtu aache kutazama picha za watoto wadogo. Akaapa kuwa hajamgusa mtoto yeyote. Mimi nilimfokea. Nilimwambia amche Mwenyezi Mungu na atoke mbele yangu. Akaomba radhi, akaondoka, na sikumwona tena. Sikumuuliza kama nyumbani kwake kuna watoto. Sikumwandikia rufaa. Mtu alikuja mwenyewe kuomba azuiwe, nami nikamfukuza. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili, na makala hii ni sehemu ya kulipa deni lile.

PICHA HIZI NI KITU GANI?

Watu wengi huziweka picha hizi kundi moja na mikanda ya X ambayo watu wazima hutazama kwa siri. Zote ni haramu, lakini si kitu kimoja. Picha ya ngono ya mtoto ni kumbukumbu ya jinai iliyofanyika. Mtoto hana ridhaa ya kutoa katika jambo hilo, hata kama katika picha anaonekana anacheka. Alidanganywa, alitishwa, alinunuliwa kwa chipsi au vocha, au hakujua anafanywa nini.

Jambo la pili ni kuwa picha haina mwisho. Jeraha la kisu huleta kovu na maisha yakaendelea. Mtoto ambaye picha yake imesambazwa huishi akijua kuwa kila atakayemtazama usoni huenda ameiona. Ndiyo maana anayetazama tu, bila kupiga wala kutuma, naye si mtazamaji asiye na hatia. Anapotafuta, anakuza soko. Na soko likikua, mtoto mwingine hutafutwa.

UKUBWA WA TATIZO

Mwaka 2022 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania kwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ilionekana kuwa asilimia 4 kati yao walikumbwa na ukatili wa kingono wa wazi kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu uliotangulia: kutishwa ili watoe picha, kuahidiwa fedha au zawadi, au picha zao kusambazwa bila ridhaa yao. Watafiti walikadiria kuwa hao ni kama watoto 200,000 kwa nchi nzima. Mara nyingi mhusika alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu, na ni watoto wachache mno waliofika polisi.

Utafiti huo haukuja peke yake. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, ukatolewa mwaka 2011. Takribani wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo simu haikuuleta ukatili huu. Imeupa mbawa.

ZINAINGIAJE KWETU?

Tutazame maisha yetu ya pwani ya ziwa. Wakati wa giza, baba yuko ziwani na karabai anavua dagaa hadi alfajiri, na mama anadamkia Mwaloni au kwenye vichanja vya kuanikia. Nyumbani wamebaki watoto, mjomba asiye na kazi, mpangaji wa chumba cha uani, na simu. Katika makambi ya visiwani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu watu huja na kuondoka na hakuna anayemjua mwenzake vizuri. Njia ninazozisikia mara kwa mara ni hizi:

(i) Mtu wa karibu. Ndugu, jirani, mwalimu wa ziada, mpangaji au rafiki wa kaka. Huanza kwa zawadi ndogo ndogo, kumpakata mtoto, kumpa simu achezee, kisha kumwambia "hii ni siri yetu".

(ii) Rafiki wa mtandaoni. Kijana wa kidato cha pili hupata urafiki na "msichana" kwenye Facebook au Instagram. Anatumiwa picha, anaombwa yake. Akishatuma tu, huja ujumbe: tuma fedha kwa simu au picha zako zinakwenda kwa wazazi wako. Wavulana ni wengi katika mtego huu, na huficha kwa aibu.

(iii) Vibanda vya kurushia nyimbo. Mtoto hupeleka memori kadi arushiwe kaswida au nyimbo, na hurudi nayo ikiwa na vitu ambavyo mzazi hajawahi kuviota.

(iv) Makundi ya WhatsApp na Telegram. Mtu huunganishwa bila kuombwa, na simu hupakua yenyewe kila kinachotumwa.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Wapo wanaodhani sheria inamkamata mbakaji tu. Sivyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hapa tuwe makini, kwa sababu sisi katika fiqhi tumezoea kuhesabu kwa kubaleghe. Mbele ya hakimu, binti wa miaka 16 aliyebaleghe ni mtoto, na picha yake ya uchi ni picha ya mtoto. Kifungu cha 83 cha sheria hiyo kinakataza kumtumia mtoto katika maonyesho au vifaa vya ngono. Adhabu yake ni faini kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 500, au kifungo cha mwaka 1 hadi 20, au vyote viwili.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwaka 2015. Kifungu chake cha 13 kinamhusu anayechapisha picha za ngono za watoto kwa kompyuta, pamoja na anayeziweka mahali pa kupatikana au kurahisisha wengine wazifikie. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta kwa maana ya sheria hiyo. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kwa kuangalia ipi kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Mahakama pia inaweza kuamuru mtoto alipwe fidia. Sheria inahusu hata mtu anayeonekana kuwa ni mtoto na picha inayowakilisha mtoto. Kwa hiyo anayetengeneza picha za namna hiyo kwa akili mnemba asiseme "huyu hayupo duniani". Mwaka 2024 Bunge lilipitisha tena marekebisho ya sheria mbalimbali za ulinzi wa mtoto, kwa hiyo mwelekeo ni kukaza kamba.

Nyuma ya sheria hizo ipo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10. Anayerekodi akifanya kitendo hicho ameipa mahakama ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Na asidhani mtu kuwa laini ya simu ni pazia. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole.

MFANO WA DODOMA

Mwezi Agosti 2024 nchi nzima ilitikiswa na video ya binti mmoja wa Dar es Salaam akifanyiwa ukatili na kundi la vijana waliojirekodi wenyewe. Mwezi Septemba mwaka huo huo, mahakama mjini Dodoma iliwahukumu vijana wanne kifungo cha maisha kwa kubaka kwa kundi na kumwingilia kinyume cha maumbile. Watu wengi tulifurahi kuona haki imetendeka.

Lakini tujiulize. Video ile ilifikaje Mwanza? Ilifika kwa vidole vyetu. Wapo walioituma wakilia, wakiandika "tuwalaani hawa". Nia yao ilikuwa kukemea, lakini kila aliyeituma alimvua nguo binti yule mara nyingine mbele ya watu wapya. Katika Suratun-Nur, aya ya 19, Allah ameahidi adhabu iumizayo, duniani na akhera, kwa wanaopenda uchafu uenee baina ya waumini. Hakutoa ruhusa kwa anayeueneza kwa hasira. Akiwa aliye katika video ni mtoto, anayeituma ameingia moja kwa moja katika kifungu cha 13 nilichokitaja, hata kama chini yake ameandika "astaghfirullah".

KWA NINI MTU HUANGUKIA HUMU?

Hapa ndipo utabibu unapoingia. Wanaotazama au kusambaza picha hizi si watu wa namna moja.

Wapo wenye maradhi yanayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mtu wa kundi hili ana matamanio makali ya muda mrefu kwa watoto ambao hawajabaleghe, na ama ameyatekeleza, ama yanamtesa vibaya. Hakuyachagua matamanio hayo. Anachokichagua ni kitendo, na kwa kitendo atahesabiwa.

Wapo walioanza na picha chafu za watu wazima, wakazizoea, wakawa hawasisimki tena, wakaendelea kutafuta lililo kali zaidi mpaka wakavuka mpaka. Wapo wanaofanya kwa ajili ya fedha na vitisho. Na wapo vijana wadogo wanaorushiana picha za wenzao kwa mzaha na kisasi, bila kujua uzito wake. Hao wanahitaji kuzuiwa na kufundishwa mapema.

Tofauti hizi si udhuru. Tunazitaja kwa sababu daktari hawezi kutibu asichokipambanua, na polisi pia hupanga kazi yake kwa kujua anashughulika na nani.

JE, IPO TIBA?

Ndiyo, lakini tusemane ukweli. Hakuna sindano ya kuufuta ugonjwa huu kabisa. Tiba yake inafanana na ya presha au kisukari: ni kudhibiti, kufuatilia na kutoacha.

Mwaka 2005 hospitali ya Charité ya mjini Berlin, Ujerumani, ilianzisha mpango wa kuwatibu bure na kwa siri watu wenye matamanio kwa watoto wanaotaka wasifanye kosa. Ulitangazwa waziwazi, na watu wakajitokeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha miujiza. Baadhi ya mambo yanayomsukuma mtu kwenye kosa yalipungua, kama vile kujidanganya kuwa mtoto haumii, lakini wengi wa waliokuwa wakitazama picha walikiri kuwa bado wanatazama. Somo lake ni kuwa ushauri peke yake, bila kumwondolea mtu kifaa na upweke, hautoshi.

Wataalamu wa Sweden wakaenda mbele. Mwaka 2020 walichapisha jaribio la wanaume 52. Waliochomwa sindano moja ya dawa inayoshusha homoni ya kiume walionekana, baada ya wiki mbili, kuwa na vihatarishi vichache kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo ina madhara yake na hutolewa na daktari bingwa tu. Mwaka 2022 wakachapisha jaribio jingine la watu 160 waliopewa ushauri nasaha kwa njia ya intaneti kwa muda wa wiki nane. Waliopata tiba kamili walipunguza muda wa kutazama picha hizo kuliko waliopata mazungumzo ya kawaida.

Kwa lugha nyepesi, tiba ina nguzo nne. Kwanza, ushauri wa kitaalamu unaomfundisha mtu kutambua saa na mahali anapoteleza, na kuvunja hoja anazojidanganyia. Pili, dawa kwa wanaozihitaji: za sonona na mawazo yanayojirudia, au za kupunguza homoni, chini ya bingwa wa afya ya akili. Tatu, kupunguza fursa: simu ya kitochi badala ya simu ya kupangusa, kutokaa peke yake na watoto, kutofundisha wala kulea watoto. Nne, mtu mmoja wa kuaminika anayejua na kumfuatilia.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, mlango ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya rufaa ya Bugando. Dua, swala na funga ni silaha za muumini, nami siziachi. Lakini anayemfungia mtu wa namna hii kwa kisomo tu na kumrudisha chumba kimoja na watoto, amewaweka watoto rehani. Na kumwozesha haraka "ili atulie" ni kosa kubwa zaidi. Ndoa haitibu ugonjwa huu, na humletea watoto wa kulea.

SIRI YA MGONJWA NA WAJIBU WA KUTOA TAARIFA

Mtu anayesema "nina matamanio haya, sijafanya, nisaidieni" ana haki ya siri kama mgonjwa mwingine yeyote. Asitangazwe msikitini wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Tukimwaibisha huyo, wa pili na wa tatu hawatakuja, na tutakutana nao wakiwa wameshamuumiza mtoto.

Lakini siri ina mpaka. Ikiwa kuna mtoto aliyedhurika au aliye hatarini, siri inakwisha. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake anapojua haki ya mtoto inavunjwa. Wajibu huo unanihusu mimi tabibu, unamhusu imamu na unamhusu shangazi. Kumstiri Muislamu ni katika mambo mema, lakini sitara haikuwekwa ili dhulma iendelee. Kuficha aibu ya mtu mzima kwa gharama ya mwili wa mtoto ni kushirikiana naye katika dhulma.

UKIIKUTA PICHA KWENYE SIMU

1. Usiitume kwa yeyote, hata kwa sheikh, hata kwa polisi kupitia WhatsApp. Peleka simu yenyewe.

2. Usiifute haraka kama ni ushahidi wa mtoto unayemjua. Andika namba iliyotuma, tarehe na jina la kundi.

3. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi ya kupinga ukatili kwa miaka mingi.

4. Kama mtoto anatishwa alipe fedha, asilipe. Anayelipa mara moja hudaiwa tena kesho. Ahifadhi ujumbe, kisha amzuie mtu huyo.

5. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa ajili ya picha za walio chini ya miaka 18. Haichukui picha yenyewe. Hutengeneza alama yake ndani ya simu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa. Haiwezi kufika ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp, lakini husaidia kwenye Facebook, Instagram na kwingineko.

MTOTO AKIKUELEZA

Neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atamaliza maelezo au atanyamaza miaka 20. Usiseme "ulifuata nini huko?" Mwambie: "Mwanangu, nakuamini. Kosa si lako. Umefanya vizuri kuniambia." Usimchape, usimlazimishe kurudia maelezo mbele ya kila shangazi.

Kama ameingiliwa, mpeleke kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za kuzuia mimba nazo zina muda mfupi, hazivuki siku 5. Sisi watu wa twahara jambo letu la kwanza huwa ni kumwogesha mtoto na kufua nguo zake. Tafadhali, hapa subirini. Achunguzwe kwanza akiwa hajaoga, na nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Usisubiri makaratasi yakamilike ndipo umpeleke. Uhai wa mtoto unatangulia.

KINGA NYUMBANI NA MADRASA

Dini yetu ilitangulia katika jambo hili. Suratun-Nur, aya ya 58, inawafundisha hata watoto wadogo kubisha hodi kwa wazazi katika nyakati tatu za faragha. Kama mtoto anafundishwa kuheshimu mwili wa mzazi wake, vipi asifundishwe kuwa na mwili wake una heshima? Mtume (s.a.w.) alielekeza watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10. Na amri ya kuinamisha macho ilikuja kwa wanaume na kwa wanawake, na kioo cha simu hakikuachwa nje yake. Katika utekelezaji:

(a) Simu za watoto zilale sebuleni, zisilale nao. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja katika WhatsApp, na weka mpangilio wa kutounganishwa makundi na usiowajua.

(b) Mfundishe mtoto majina ya viungo vyake na kuwa hakuna mtu, hata mjomba au ustadhi, mwenye ruhusa ya kuvigusa kwa siri au kuvipiga picha. Mwambie: siri inayokuumiza si ya kutunzwa.

(c) Usiweke mtandaoni picha za watoto wako wakioga au wakiwa nusu uchi.

(d) Ukisafiri kwenda visiwani au ukilala ziwani, jua mtoto analala na nani.

(e) Kamati za misikiti na walimu wa madrasa: mwalimu asikae na mtoto mmoja chumba kilichofungwa, mlango uwe wazi, na mzazi aruhusiwe kuingia bila kuaga. Tuseme wazi kuwa kanzu haimfanyi mtu kuwa salama. Mwalimu mwema hataudhika kwa utaratibu huu, kwa sababu unamlinda na yeye na tuhuma.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, sheria inamshika aliyekwishatenda, na tiba inamzuia ambaye bado hajatenda. Tukishika moja na kuacha nyingine tunaacha mlango mmoja wazi usiku. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na kwa kijana yule aliyenijia jioni ile, kama gazeti hili limekufikia: nakuomba radhi. Usiwe karibu na watoto, weka simu mbali, na nenda kliniki ya afya ya akili kesho asubuhi. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo tena pale pale ulipoujua mlango wangu. Safari hii nitakuandikia rufaa, na nitakusindikiza.

Wiki ijayo, inshaallah, tutarejea kwenye kichocho na watoto wanaoogelea ziwani. Wabillahi tawfiiq.